Bulanje Aliyekwenda Kuitembelea Kodi Yake

Unga ulipopanda bei Kolwezi, mji wetu wa machimbo huku Kongo, waokaji wengine walinyamaza. Walipunguza unga, wakazidisha hamira, mkate ukatoka umevimba vizuri, lakini ukiubana mkononi unabaki na ganda. Bei ile ile, noti ile ile, na watu hawakushtuka mpaka watoto walipoanza kulia njaa kabla ya mchana. Mwokaji wa mtaa wetu hakufanya hivyo. Yeye alibeba kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya geti lake, akapanda juu na aproni yake imejaa unga, akapiga makofi mpaka barabara nzima ikageuka kumtazama.

"Batu yangu!" akapaza sauti. "Kuanzia leo mukate imepanda! Haikupanda ju mi niko mubaya. Imepanda ju franka imeshuka. Mwenye kukasirika akasirike, lakini asikasirikie mukate!"

Mimi nilikuwa hapo chini, kando ya kiti, beseni tupu kichwani, natamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa maana nani angeuza huo mkate? Si yeye! Ni sisi, mama wa mikate, tuliokuja kwake alfajiri kuchukua mikate ya moto na kuitembeza mpaka Mutoshi, kwa vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono yao. Kijana wa machimbo akitoka shimoni hana masikio ya habari za franka. Anatoa noti yake, anataka mkate wake. Ukimwambia umepanda, anakutukana wewe na ukoo wako wote.

"Tata, ungepunguza kidogo tu," nikamwambia aliposhuka. "Kidole kimoja tu. Nani ataona?"

Akanitazama kana kwamba nimetema mate kwenye unga wake. "Mama, Leta njo banafanya vile. Banapunguza franka yako mu mufuko yako, na wee unaona noti iko ile ile. Sasa unataka na mi nikuwe Leta?"

Leta ndiyo serikali, kwetu huku. Na yeye tulimwita Tata Bulanje, yaani baba mwokaji. Jina lake halisi silitaji hapa kwa sababu najua angenigombeza. Angesema jina likishaandikwa mahali, kesho yake linatozwa kodi.

Tanuru lake alilijenga mwenyewe uani kwa matofali, la kuni, kwa sababu umeme wetu ni mgeni anayekuja bila kubisha na kuondoka bila kuaga. Kila mkate ulipotoka, aliuweka juu ya mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Usipofika kifundo, haukutoka getini. Waliula nyumbani kwake. "Mukono yangu haifuate dola," alikuwa akisema, na akauinua ule mkono wenye makovu ya moto ili kila mtu auone. Alijivuna nao kweli kweli. Alikuwa mtu wa kujivuna, tusidanganyane.

Wiki ile ya kiti niliapa sirudi kwake. Nikahamia kwa mwokaji mwingine wa upande wa soko, nikachukua ile mikate mizuri iliyovimba, bei ya zamani, nikaenda nayo Mutoshi nikiwa na furaha. Kijana mmoja akaung'ata, akautazama, akanirudishia nusu. "Mama, unatuuzisha mupepo?" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake alfajiri nilikuwa tena getini kwa Tata Bulanje, mtoto mpotevu mwenye beseni. Aliniwekea mikate, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Unga wake ulitoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na wenye unga walitaka dola. Sisi tulimletea franka. Yeye aliishi katikati, na katikati hapo palimchoma kuliko tanuru. Asubuhi hakukuuliza umeamkaje. Aliuliza: "Dola imelala wapi?" Ukimjibu imepanda, alifunga macho kidogo na kuyafungua. Ukimjibu imeshuka, alicheka na kusema, "Inachutama tu, inataka kuruka." Na mara nyingi iliruka!

Alikuwa na maelezo yake juu ya jambo hili, na aliyatoa bila kuombwa, huku anakanda. Alisema Leta akitumia asichokuwa nacho, karamu inaonekana kule, lakini sahani inayopungua iko huku. "Takse ingine inakuja ku mulango na kofia na mukoba," alisema, na takse ndiyo kodi. "Ile utaigombanisha, utaiuliza, utaipa hata kiti. Lakini hii ya bei kupanda haipite ku mulango. Unalala nayo mu chumba." Sisi mama tulisimama na mabeseni yetu tukimsubiri amalize, jua linatoka, wateja wanapotea. Nilimkatiza siku moja: "Tata, mi naomba mikate, haiko mahubiri!" Akacheka mpaka unga ukamwingia puani.

Lakini hao wa kofia na mkoba ndio alioshughulika nao sawasawa. Kwetu mwenye kazi ya kuonekana hakosi wageni. Anakuja wa usafi, anakuja wa mazingira, wa kibao cha biashara, wa kizima moto, wa mizani, wa karatasi ya kuonyesha kwamba ulilipa karatasi nyingine. Majirani wakiwaona wanafunga milango, mwanamke anamwambia mtoto aseme mama amesafiri. Tata Bulanje aliwafungulia geti kwa mikono miwili. Aliwakalisha kwenye benchi karibu na tanuru, mahali penye joto kali, akawapa chai ya maziwa na mkate wa moto. Halafu akavuta kigoda, akakaa mbele yao, akauliza kwa upole: "Ile ya mwaka jana ilifanya nini?"

Hakuna zaidi ya hapo. Hakutukana, hakupaza sauti. Aliuliza na kungoja, na mgeni akajikuta anatoka jasho, chai mkononi. Mmoja alisema, "Tata, mi niko wa usafi, mambo ya barabara iko ya wengine." Akajibiwa, "Muzuri. Basi tuongee ya usafi." Mwingine alisema fedha zilikwenda juu. "Juu wapi?" akauliza Tata Bulanje, na akatazama juu kweli, kwenye bati. Na kabla hujamwita mkaidi, sikiliza: alilipa. Kila mara alilipa! Ila hakuweka noti mkononi mwa mtu. Alivaa suti yake ya rangi ya kahawa, akapanda minibasi, akaenda kulipa dirishani kwenye ofisi ya kodi, akarudi ameinua kichwa.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo lililomfanya ajulikane mtaa mzima. Baada ya kulipa, Jumapili iliyofuata misa ikiisha, hakurudi nyumbani. Alibaki na ile suti, akamshika mke wake mkono, na mkate umefungwa kwenye kitambaa cheupe, jinsi mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa. Ukimuuliza unakwenda wapi, anakujibu bila kucheka: "Ninaenda kutembelea takse yangu."

Mara ya kwanza tulidhani unga umempanda kichwani. Mara ya pili tulimfuata. Mara ya tatu tulikuwa kundi zima, tumevaa vitenge vya kanisani, watoto mbele, na watu wanatoka kwenye nyumba kuuliza nani ameolewa. Tulikwenda mpaka zahanati moja iliyopakwa rangi mpya ukutani, ya manjano, yenye kung'aa. Tata Bulanje akaingia, akachungulia vitanda visivyo na godoro, akatoka taratibu. "Takse yangu imejipaka poda," akasema, "lakini tumbo haina kitu." Ule mkate akampa mama mmoja aliyejifungua usiku ule na kulala juu ya kitenge chake. Mke wake aligeuka upande mwingine akafuta macho. Mimi mwenyewe nilikasirika hadi nikasahau njaa yangu.

Siku nyingine tulikwenda kwenye mzunguko wa barabara wenye chemchemi isiyo na maji. Akaizunguka polepole, mikono nyuma. Lakini msifikiri alitafuta ubaya tu! Kuna barabara moja walitengeneza vizuri, lami nene, mitaro pande zote mbili. Tulipofika hapo, Tata Bulanje alivua viatu na soksi, akatembea peku juu ya lami katikati ya mchana, suti na yote, anacheka peke yake. Pikipiki zilimpigia honi. "Acha banipigie!" akatuambia. "Hapa niko ku nyumba!" Juma zima alisifu ile barabara. Yule wa usafi alipokuja akakuta chai ina sukari mara mbili.

Basi ukimsikia hivyo utadhani nyumbani kwake kila kitu kilikwenda kwa mpango. Wapi! Binti yake alipoolewa, aliagiza kitenge kimoja kwa ukoo wote, mpaka kwa majirani wa majirani, akaleta wanamuziki wenye spika za kutikisa mabati, na magari ya kukodi yanazunguka mji yakipiga honi. Baada ya arusi hakukuwa na unga wa kuoka. Mke wake, mwanamke mpole asiyesema mara mbili, alisimama mbele ya tanuru lililopoa akamwambia mbele yetu sote: "Na wee, Leta ya hii nyumba, ile ya mwaka jana ilifanya nini?" Tulikufa kwa kicheko. Yeye alicheka kuliko sisi, akakaa chini kabisa, akasema, "Ilicheza muziki, mama. Ilicheza muziki."

Wakubwa wa Leta walipokuwa na sherehe yao, walimtuma mtu kuagiza mikate mingi, mingi kuliko aliyowahi kuoka kwa siku moja. Sisi tulishangilia. Yeye alikataa. "Munaitisha takse kwangu, munaenda kununua mukate yangu na takse yangu, kisha munaikula benyewe. Si ningewaletea tu mukate, tuache mizunguko?" Yule mjumbe aliondoka akikuna kichwa. Lakini siku ya uhuru wa nchi, Tata Bulanje huyo huyo alisimama mstari wa mbele kabisa na bendera ndogo ya karatasi, na gwaride lilipopita machozi yalimtoka wazi, hakuyaficha. Nikamtania. Akasema, "Inchi haiko Leta, mama. Usichanganye."

Sasa niseme habari ya mfereji.

Juu ya mtaa wetu kuna kilima cha udongo wa machimbo ya zamani. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka kule mekundu na yenye hasira, na kwa kuwa hayana njia, yalijichimbia njia katikati ya barabara yetu. Kila msimu korongo liliongezeka upana. Lilikula kwanza ua wa jirani, halafu nusu ya choo cha jirani, halafu likaanza kulamba ukuta wa Tata Bulanje, na nyuma ya ukuta ule ndipo lilipo tanuru. Watu wazima tuliangalia ule ukuta kila tukienda kuchukua mikate. Mimi nililipia shule ya watoto wangu kwa mikate ile, na wenzangu vilevile. Tanuru likienda, na sisi tumekwenda nalo.

Ikatangazwa kodi ya pekee, kodi ya mfereji, kila nyumba itoe chake. Watu walinung'unika. Tata Bulanje alicheza! Nakuapieni, alicheza uani, mikono juu. "Hii njo takse!" akapiga kelele. "Takse yenye jina, yenye mahali, yenye kazi!" Alikuwa wa kwanza dirishani. Watu wa Leta wakaja, wakasimamisha kibao kizuri cha rangi, kimechorwa mfereji na maji ya buluu ndani yake. Halafu wakaondoka. Kiangazi kikapita chote. Jumapili baada ya Jumapili tulikwenda na suti na mkate kukitembelea kile kibao, na Tata Bulanje alikitazama mpaka nikaanza kumwonea huruma.

Wingu la kwanza lilipoonekana, tulikutana uani kwake. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema Jumamosi ni siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Badala ya kufagia, tuchimbe mfereji sisi wenyewe. Vijana wa Mutoshi wamekubali kuja, na nani katika dunia hii anajua kuchimba kuliko wao? Kila mtu akaitikia. Yeye akasimama.

"Hapana," akasema. "Tukichimba, tumelipa mara mbili. Mara ya kwanza na franka, mara ya pili na mugongo. Na ule mwenye kukula ya kwanza atakuja kusema: munaona? Imefanyika."

"Na tanuru, Tata?"

"Tanuru iko yangu. Ikienda, iende na haki yangu."

Damu ilinipanda. "Tanuru iko yako, lakini mukate iko yetu! Batoto yangu banasoma mu ile tanuru! Haki yako tutaipaka siagi tuwape?"

Aliingia ndani. Jumamosi tulichimba bila yeye. Vijana wa machimbo walikuja na mitalimbo na sepetu zao, wakaimba, wakaichana ile ardhi nyekundu kwa furaha, maana mara hii shimo lilikuwa na mwisho unaoonekana. Sisi wanawake tulibeba udongo kwa mabeseni yale yale ya mikate. Na yeye alikaa getini kwenye kiti, amevaa suti, mikono kifuani, hakugusa hata jiwe. Lakini kila tulipochoka, geti lilifunguka ikatoka mikate ya moto, mingi, mkono mzima kila mmoja. "Haiko musaada!" akatupigia kelele. "Iko biashara! Mutalipa!" Hakuna aliyelipa, wala hakuna aliyeulizwa.

Tulifanya hivyo Jumamosi kadhaa. Mvua kubwa ilipokuja, mimi na mke wake tulisimama barazani tumeshikana mikono. Maji yalishuka kutoka kilimani yakinguruma, yakafika kwenye kichwa cha mfereji, yakasita kidogo, yakaingia. Yaliingia! Yalipita pembeni mwa ukuta moja kwa moja mpaka bondeni. Tulipiga vigelegele kwenye mvua mpaka sauti zikakauka. Tata Bulanje alitazama yale maji, akaingia kuwasha tanuru.

Na haukupita muda, wakaja wakubwa na magari yao, utepe, kipaza sauti na mtu wa kupiga picha. Walikata utepe juu ya mfereji wetu! Mmoja alisimama karibu na kibao akasema mnaona matunda ya kodi zenu. Nilitaka kupiga kelele, nikajikuta nimemtazama Tata Bulanje. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, hana furaha hata kidogo kwamba alisema kweli.

Baadaye ikaja kodi mpya: ya kutunza mfereji. Aliyeileta alikuwa bwana mmoja mtulivu mwenye miwani. Alikaribishwa kama wote, benchi, chai, mkate. Mimi nilikuwepo, nimechelewa kuondoka makusudi. Tata Bulanje akavuta kigoda, akauliza lile swali lake. Yule bwana akanywa chai kidogo, akanyoosha kidole kupita juu ya ukuta.

"Ilichimba ule mufereji, Tata."

Tata Bulanje alikifuata kile kidole kwa macho mpaka ukutani, na sisi tuliochimba tukatazama miguu yetu. Kesho yake alivaa suti akaenda kulipa. Jumapili hakutembelea kitu. Aliacha kabisa kutembelea, na alfajiri alitupa mikate bila kuuliza dola imelala wapi. Mke wake aliniambia anakula kidogo. Tulikuwa tumeliokoa tanuru, na mwenye tanuru akawa kama mtu aliyefiwa. Iliniuma sana, na nilikasirika pia, kwa sababu bado niliona tulifanya vema.

Sasa ninafika kwenye juzi juzi, mwanzo wa mvua hizi. Nilikuwa narudi kutoka Mutoshi, beseni limekwisha, na mawingu yameshikana juu ya kilima, meusi tititi. Nikamkuta amesimama peke yake kwenye kichwa cha mfereji na suti yake, ametoka mazishini. Ndani ya mfereji hapakuwa na mfereji. Mifuko ya plastiki, chupa, matambara, udongo ulioporomoka. Mtu angeweza kuvuka bila kuruka. Kodi ya kuutunza tulikuwa tumelipa sote, na hakuna aliyeleta hata ufagio.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilijua atasema nini, na mimi nilikuwa na langu tayari mdomoni.

"Mama," akasema bila kugeuka, "wakati ule mi nilikuwa na haki?"

"Ulikuwa na haki, Tata."

"Yote?"

"Yote."

"Na mukate ingetoka wapi?"

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuvuma. Akavua koti, akanipa nilishike, akakunja suruali mara moja, akateremka ndani ya mfereji na viatu vyake vya kanisani. Mamawe! Mzee wa watu, anazoa takataka kwa mikono! Nililitundika lile koti kwenye geti, nikaita, nikaita kweli kweli, milango ikafunguka. Tulisafisha na matone yakitupiga mgongoni, watu wote wa barabara ile, na yeye mbele yetu akitukana kila chupa aliyoitoa. Maji yaliposhuka yalikuta njia, yakapita.

Asubuhi tulipofika na mabeseni, matope ya jana bado yametuganda miguuni, tanuru lilikuwa limepoa. Tata Bulanje alikuwa getini na nguo zile zile, matope yamemkaukia mpaka magotini. "Leo hakuna mukate," akasema. "Musinawe. Twende."

Tulikwenda kwa miguu, sisi mama wote na mabeseni yetu, mpaka kwenye ile ofisi ya kodi. Ilikuwa na vigae vipya sakafuni, vyeupe. Tuliingia na matope yetu tukakijaza chumba. Yule bwana mwenye miwani akainua kichwa dirishani, akatabasamu.

"Tata Bulanje! Umekuja kulipa ya mwaka huu?"

"Hapana. Leo nimekuja kupokea."

"Kupokea nini?"

"Takse ya kutunza mufereji. Kazi imefanyika, mi na hawa bamama njo tulifanya. Bei muliandika benyewe."

Yule bwana akacheka. Akatafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. Akasema turudi Jumatatu. Mimi nikageuza beseni langu kifudifudi juu ya kigae cheupe, nikakaa. Wenzangu wote wakageuza yao wakakaa. Watu waliokuja kulipa yao wakasimama kutazama, wengine wakatoa simu, na walipoelewa ni nini wakaanza kupiga makofi. Makofi yalimtoa mkubwa ofisini kwake. Alitazama sakafu, akatutazama, akazitazama zile simu. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti za kwake, akamnyooshea Tata Bulanje na kumwambia polepole achukue, aende na mama zake.

Tata Bulanje akarudisha mikono nyuma. "Hiyo iko yako, Tata. Weka. Mi nataka ile yetu, ile iko ndani, na karatasi yake."

Mkubwa alizitazama tena zile simu. Halafu akamfanyia ishara yule mwenye miwani, na yule akaenda nyuma, tukasikia ufunguo, tukasikia droo. Akarudi na karatasi na noti. Hazikuwa nyingi, ni malipo ya siku ya vibarua, lakini zilitoka ndani, zikapitia dirishani, kutoka upande wao kuja upande wetu. Kuna mama aliyeanza kilio, mwingine akaanza wimbo.

Tata Bulanje alisoma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Alitia sahihi taratibu. Akazishika zile franka katika mkono wake wa matope, akainama kidogo mbele ya dirisha ili yule mwenye miwani amsikie vizuri, na kwa upole kabisa akauliza:

"Sasa, takse ya hii, ninalipa ku dirisha gani?"